Kipimo cha Sikio la Mama

Mimi ni fundi wa nguo, na ufundi huu una ugonjwa wake: huwezi kumwangalia mtu bila kumpima. Nikiwa kanisani naona mabega yaliyopishana, naona viuno, naona mkono wa gauni uliovutwa nyuma kwa sababu fundi fulani alikuwa na haraka ya kwenda kula. Miaka mingi cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja mjini Bungoma, na kila aliyenijua alijua mambo mawili. Kwanza, gauni langu likikukaa, limekukaa. Pili, mdomo wangu hauna breki. Hilo la pili silitangazi kwa fahari, lakini nikilificha hutaelewa nilivyokaribia kumtoa mama yangu mzazi nyumbani kwake kwa kosa langu mwenyewe.

Mama aliishi upande wa Kimilili, kwenye boma alilobaki nalo baada ya baba kufariki. Alikuwa na ekari chache za mahindi na maharagwe, kuku wasiohesabika, na kiti chake cha mstari wa mbele kanisani. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zimeshaingia hadi vijijini na watu wanapanda kichuguu ili wapate mtandao. Mimi nilikuwa naenda kwake kila Jumapili mchana. Ndugu zangu wawili, wote wakubwa kwangu, walikuwa mbali: wa kwanza Nairobi kwenye kazi ya serikali, wa pili Eldoret na duka lake la mabati na misumari. Mambo ya mama yalikuwa juu yangu.

Masikio yake yalianza kupotea polepole. Ukimwambia mvua imekaribia, anakujibu kwamba mchungaji hakuja. Ukimuuliza kama amekunywa dawa ya presha, anasema ndiyo, huku vidonge vyote viko kwenye kopo. Nilipoona hivyo nikafanya kile ninachokijua: nikapandisha sauti. Nikipandisha, anatabasamu. Nikipandisha tena, jirani anatoka nje kuangalia kuna nini. "MAMA! DAWA! UMEKUNYWA DAWA?" Naye, kwa upole ule ule: "Eeh, mwanangu, Mungu ni mwema." Aki nilikuwa nafika Bungoma jioni koo linaniwasha.

Mjomba wangu alicheka, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa heshima nilinyamaza, lakini moyoni nilimwambia akafie mbele na methali yake.

Msaada wa kwanza niliutafuta Lwakhakha. Pale mpakani siku ya soko unapata kila kitu, na mchuuzi mmoja alikuwa na visanduku vidogo vya kuwasaidia wasiosikia, unaning'iniza kifuani na waya unaingia sikioni. "Hii inaingia mtu yeyote, mama," aliniambia. Mimi, mtu ninayezicheka nguo za kuingia mtu yeyote, nikanunua. Mganga hajigangi.

Mama alikivaa Jumapili moja. Kilikuza kila kitu kwa pamoja: sauti yangu, jogoo, mashine ya posho ya jirani, kijiko kikigonga sufuria. Kanisani ngoma zilipoanza akachomoa waya, akautia kwenye mkoba, akaketi na uso wa mtu aliyepigwa kofi. Hakulalamika. Mama hakuwa mtu wa kulalamika, na hiyo ndiyo tabia iliyotaka kutumaliza. Wiki iliyofuata nilikikuta kisanduku ndani ya beseni la mahindi ya kuku, kimezimwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nimemvika mama sikio la kuazima.

Ndipo mteja wangu mmoja, mwalimu niliyekuwa namshonea sare ya kwaya, akaniambia kuna kliniki Kitale yenye kompyuta inayopima sikio la mtu mmoja mmoja. Kifaa kinatengenezwa kwa kipimo cha sikio hilo, na hakimfai mtu mwingine.

"Yaani kama gauni?" nikamuuliza.

"Kama gauni hasa," akasema, huku amenyoosha mikono nimpime kifua.

Nilimpeleka mama Kitale Jumanne iliyofuata. Kliniki ilikuwa vyumba viwili tu, na chumba cha ndani kilikuwa kimepigiliwa zulia ukutani, juu hadi chini, ili kelele za mjini zisiingie. Mpimaji alikuwa mwanamke wa rika langu, koti jeupe, viatu vya raba. Alimwamkia mama kwa mikono miwili, akamwita kukhu, vile sisi tunavyowaita bibi zetu, akamwekea kiti chenye mto. Mama alishampenda kabla hajakaa.

Alimvisha vipokea sauti vikubwa kichwani, akamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana mama alikuwa anasoma Biblia yake bila shida: ukisikia mlio wowote, hata mdogo kama wa mbu, inua mkono. Kisha akaketi mbele yake, upande wa pili wa meza, akaanza kubonyeza vitufe vya kompyuta.

Mama akainua mkono. Akainua tena. Na tena. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nimeshika mkoba wake, na nilishangaa jinsi alivyokuwa makini, mgongo wima, mkono unapanda na kushuka kama wa mtoto anayejua majibu yote darasani. Sikusikia mlio hata mmoja, lakini mkono ulikuwa haukosi.

Mpimaji aligeuza kompyuta akanionyesha mstari uliochorwa. Ulikuwa umelala juu kabisa.

"Anasikia kuliko nilivyofikiri," alisema, akikunja uso. "Karibu sawa na mimi na wewe. Lakini kuna kitu hapa hakijanikaa vizuri. Mrudishe nimpime tena, dada, siku nyingine akiwa amepumzika."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Kama masikio ni mazima, basi kinachougua ni nini? Tulipofika nyumbani mama akaketi kwenye veranda na ungo wake wa maharagwe, nami nikaenda hadi kwenye ua wa mchongoma, hatua kama kumi hivi kutoka alipokaa, nikampigia kaka yangu mkubwa.

"Masikio yake hayana shida, kompyuta imesema," nilimwambia, na machozi yakaanza kunitoka. "Ni akili, kaka. Akili ya mama imeanza kwenda."

Mama alikuwa ananiangalia kutoka pale verandani. Sikupunguza sauti. Ningepunguza ya nini, kwa mtu asiyeelewa?

Kaka akashika usukani jinsi vifungua mimba wanavyofanya. Krismasi wangekuja wote tuketi. Wiki haikuisha kabla mpango haujakamilika kwa simu: mama ahamie Eldoret kwa kaka wa pili, kuna chumba nyuma ya nyumba, nyumba ya Kimilili ifungwe, shamba likodishwe kwa mtu mmoja wa Kachibora aliyekuwa anatafuta pa kupanda mahindi. Mtu ambaye akili imeruka hawezi kuachwa peke yake na moto wa kuni, walisema. Nikakubali. Baba amezikwa nyuma ya nyumba ile, na kila asubuhi mama alikuwa anapita pale kumsalimia kabla ya kufungulia kuku. Nilijua wazi kwamba ukimtoa pale umemmaliza, na bado nikasema sawa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta anachambua maharagwe tena. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani, kwa hivyo nikampelekea yeye. Nikamsogelea usoni kabisa. Mama alikuwa amejifunza kusoma midomo kidogo, lakini ya mtu wa karibu tu, tena kwa Kibukusu chetu.

"Mama! Ile mashine ya Kitale uliisikia vizuri namna ile! Mimi mwanao mbona hunisikii?"

Aliangalia mdomo wangu, akafikiri, akacheka. "Nani alikuambia niliisikia?"

Nikainua mkono mara tatu nne, kama yeye alivyofanya.

"Aah, hiyo," akasema. "Nilikuwa naangalia bega la yule mama. Kila akibonyeza, bega linashuka kidogo. Likishuka, na mimi nainua."

"Kwa nini sasa?"

Aliniangalia kama mtu aliyezaa mtoto asiye na adabu. "Mtoto wa watu ametuamkia vizuri, ameniita kukhu, ameniwekea mto. Anabonyeza, anabonyeza, hakuna kitu kinachotoka. Nimwache na aibu yake? Mgeni akitengewa chakula, hasemi hakina chumvi."

Niliketi chini kwenye vumbi. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: anayekuhudumia humwaibishi, unakula, unashukuru, unakwenda kulia mbele ya safari. Nilicheka mpaka kuku wakatawanyika, na kicheko kikageuka kikawa kilio. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilipima kwa uaminifu kile ilichopewa, na ilichopewa kilikuwa adabu ya mama. Na mimi nilikuwa nimeshika adabu ile nikaitangaza kwa ndugu zangu kuwa ni wazimu.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia tu kwamba tutarudi Kitale.

Mpimaji aliposikia habari mlangoni alipiga makofi akicheka. "Nilijua! Hakuna sikio duniani lisilokosa hata mara moja. Leo kiti kinageukia ukuta."

Lakini mama aligoma. Kumpa mgongo mtu anayekuhudumia? Yeye? Alisimama katikati ya chumba ameshika mkoba kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha soko, "Hapana, mama. Mimi siwezi kupea wewe mgongo. Hiyo ni matusi." Mpimaji alibembeleza, mimi nikafoka, mama akasimama palepale.

Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwangu kama kawaida, maana huwa nasahau kuuvua hata nikienda msibani. Niliuzungusha kiunoni mwangu mbele ya macho ya mama, nikavuta tumbo ndani hadi pumzi ikakatika, nikamwonyesha namba. Kisha nikaachilia tumbo. Utepe ukanikata. Mama aliyajua mambo haya; alikuwa amekaa kwenye veranda yangu mara nyingi akiona wanawake wakivuta matumbo wakati wa kupimwa, halafu wanakuja siku ya harusi kunilaumu kwamba gauni limebana.

"Mashine haina aibu, mama," nilimwambia, mdomo karibu na macho yake. "Inashona inavyopimwa. Ukivuta tumbo, itakubana."

Alifikiri. "Kwa hivyo kama nina tumbo, nionyeshe tumbo."

"Onyesha tumbo lote, mama."

Basi akaketi, uso ukutani. Mpimaji akaanza. Nikamwona akibonyeza, bega likishuka, na mkono wa mama umelala juu ya goti. Akabonyeza tena. Mkono umelala. Bonyeza, bonyeza, na kila mara nikitazamia mkono ule upande, hauendi popote. Mara moja moja tu uliinuka. Niliogopa. Sikuwa nimejua kwamba mama alikuwa ameenda mbali kiasi kile, yuko peke yake, na bado anatutabasamia.

Mstari wa siku hiyo ulianza juu, ukaenda kidogo, kisha ukaporomoka kama njia ya kushuka kutoka mlimani. Mpimaji akanieleza kwa kidole, taratibu, na mimi nikamsikiliza kwa makini kuliko ninavyomsikiliza mchungaji. Sauti nene mama anazisikia. Sauti nyembamba zimekwenda: zile za mwanzo wa maneno, za kupuliza kama s na f, zinazomfanya mtu ajue umesema neno gani. Kwa hivyo anajua unasema, lakini hajui unasema nini. Na kila mtu, akaniambia, anapoteza kwa njia yake. Tangu afungue ile kliniki hakuwahi kuona mistari miwili iliyolingana.

"Na ukimpigia kelele," akaongeza, "unamwongezea kile ambacho tayari anacho."

"Yaani miaka yote hii hata ningepasuka..."

"Hata ungepasuka, dada."

Akamtia mama sikioni dawa laini kama uji mzito, ikaganda, akaitoa ikiwa na umbo la sikio lile na si lingine, kona zake zote. Hiyo ingetumwa Nairobi itengenezewe kifaa, na tungesubiri wiki mbili. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alivuta kiti karibu na mama, akamwandikia swali kwenye karatasi: kukhu, siku yako ina sauti gani?

Mama alilisoma mara mbili. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kama hilo tangu azaliwe. Kisha akaanza, na hakuisha upesi. Anataka kusikia vifaranga mwewe akija. Anataka mvua kwenye mabati, lakini si ile ya kuziba masikio. Anataka mchungaji, na ngoma zipungue kidogo. Na watoto wangu, wajukuu zake, wakimwita kutoka langoni. Mpimaji aliyaandika yote kwenye kompyuta, moja baada ya lingine, akisema vifaranga vitawezekana, na kwamba kutakuwa na kitufe cha kubadilisha, kanisani namna yake na nyumbani namna yake.

Siku hizi nasikia watu wakilalamika kwamba mashine zinataka kumjua kila mtu, zinakuuliza unapenda hiki au kile. Mimi silalamiki. Niliishi wakati ambapo dunia ilitengeneza kitu kimoja ikasema kinaingia mtu yeyote, na nikaona kilivyomtenda mama yangu. Yule mwanamke na kompyuta yake walikuwa wanafanya kazi yangu hasa, tena kwa vipimo ambavyo utepe wangu hautavifikia kamwe. Niliona fahari kama ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Kifaa kilikuwa tayari wiki moja kabla ya Krismasi. Kilikuwa kidogo kuliko kokwa ya embe, kinakaa nyuma ya sikio, na siku hiyo kilifungwa waya mwembamba uliokwenda hadi kwenye kompyuta. Mpimaji alikuwa anasogeza mistari kidogo kidogo, huku anamsemesha mama, kama mimi ninavyosogeza pini mtu akiwa amevaa gauni. Akakunjakunja karatasi karibu na sikio lake.

"Kukhu, hii unaionaje?"

"Hapana," mama akasema. "Kali. Punguza."

Nilitaka kupiga vigelegele. Mama yangu, kumwambia mtu anayemhudumia kwamba chakula hakina chumvi! Akasema tena punguza, akasema ongeza, akasema hapo, hapo sasa.

"Haya, dada," mpimaji akanigeukia. "Msemeshe kama mnavyosema nyumbani."

Nikafungua mdomo. "MAMA! UNANISIKIA?"

Mama aliruka kitini, mkono kifuani. Akaniangalia kwa woga, woga kabisa. "Mbona unanigombeza?" akauliza. "Nimekosa nini?"

Mpimaji akaangalia kompyuta yake. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuisikia sauti niliyokuwa namsemesha kwa miaka minne, na mimi pia, nadhani, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Niliona aibu ambayo sijaiona tena.

"Mama," nikasema, sasa kama watu wanavyosema. "Ni mimi tu."

"Najua ni wewe," akasema. Kisha akatabasamu polepole. "Una sauti ya mama yangu. Nilikuwa nimesahau."

Tulipofika nyumbani alisimama kwanza pale langoni akisikiliza viatu vyake kwenye changarawe, akarudi nyuma, akatembea tena. Nilimwacha aingie, nikamwandalia chai, ndipo nikamwambia kwamba kaka wanakuja Krismasi kuzungumzia mambo ya kumhamishia Eldoret, kwa sababu wanadhani akili yake haiko sawa. Sikumwambia walilitoa wapi wazo hilo. Nilisema nitawapigia simu niwazuie.

"Usipige," mama akasema. "Waache waje. Ni siku nyingi sijawasikia wanangu."

Walikuja siku moja kabla ya sikukuu. Mama aliwakumbatia, akaenda kubadilisha kitambaa cha kichwa, akakifunga chini hadi masikio yote mawili yakafichika. Siku ya Krismasi, baada ya kanisa na baada ya kula, kaka mkubwa alifunga mlango wa sebule, akaomba, na kikao kikaanza. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe mkononi. Kaka zangu waliongea mbele yake jinsi tulivyokuwa tumezoea kuongea mbele yake, sauti ya kawaida, kama hayupo.

"Yule mtu wa Kachibora anataka kuanza kulima mapema," kaka mkubwa alisema. "Mama tumwondoe mwezi wa kwanza. Hata hajui tunaongea nini hapa. Mwangalie."

Mama alikunywa chai.

"Chumba kiko," kaka wa pili akasema, macho chini. "Ni kidogo, lakini kiko. Mke wangu anauliza tu, kama usiku atakuwa anatoka nje ovyo, mlango tuufunge kwa nje? Mimi nampenda mama, bana. Lakini ni kazi."

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameweka kikombe chini, taratibu, bila hata kukigonga.

"Huyo mtu wa Kachibora," akasema, "mwambie shamba lina mwenyewe, na mwenyewe atapanda mwezi wa tatu kama kawaida."

Akamgeukia wa pili.

"Na wewe, hicho chumba chako weka kuku. Kuku ndio hufungiwa kwa nje."

Kaka mkubwa alisimama, akamwendea, akapaza sauti kwa hofu: "MAMA! UNATUSIKIA?"

"Keti, mwanangu. Punguza sauti." Akafungua kitambaa, akageuza kichwa ili waone kile kidude nyuma ya sikio. "Nimeyasikia yote tangu maombi. Mimi sihami. Nilikuwa sisikii, na nyinyi mkasema sina akili."

Kaka wa pili alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Mkubwa aliketi, akainamisha kichwa, na aibu yake ikatafuta pa kwenda. "Mama, utusamehe," akasema. "Lakini sisi tulikuwa mbali. Tuliambiwa na..." Wote wawili wakaniangalia.

Ningeweza kusema ni kompyuta. Ningeweza kusema ni bega la yule mpimaji, na nusu yake ingekuwa kweli.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ni mimi niliyewapigia simu. Siku ile tulipotoka Kitale mara ya kwanza."

Mama aliniangalia. Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya dirisha, naye akaelekeza sikio huko kidogo, kisha akalirudisha kwangu.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Ulikuwa umesimama pale kwenye mchongoma na simu yako, unaniangalia, unalia. Sikusikia kitu. Nikajiambia, mtoto wangu ananiombea msaada kwa watu." Akanyoosha mkono, akaushika wangu. "Si ndivyo?"

Na mimi, mwenye mdomo kuliko watu wote wa kwetu, niliubana mkono wake, ndugu zangu wakiniangalia.

"Ndivyo, mama," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa, na akaisikia.